Nyanya za Bi Clodomira na Samadi Niliyoileta Mimi

Bi Nolfa mpendwa, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo unisamehe mwandiko, na unisaidie kwa sababu nimemkosea mtu na kila siku inayopita naliona kosa linazidi kukua.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo miezi tisa, mume wangu anafanya kazi kwenye vizimba vya samaki, siku ishirini huko na kumi nyumbani, na mimi niko katika kikundi cha kina mama wanane hapa Villa Ñires, kila mmoja na banda lake la nailoni, tunauza mboga Jumamosi na watu wanatoka hadi mjini kuja kununua kwa sababu wanajua hatutii dawa. Unajua msimu wetu wa joto huku kusini ulivyo mfupi, jalidi ya mwisho, ile baridi inayounguza majani, inaanguka Novemba na ya kwanza inarudi Machi, nyanya ikichelewa wiki mbili huna nyanya, una jamu ya nyanya mbichi. Ndiyo maana sote tunapanda nyanya ya Bi Clodomira. Ni mjane wa miaka sabini na moja, mbegu hiyo ameichagua miaka thelathini, kila mwaka anahifadhi tunda linalotangulia kuiva, na Agosti anaotesha miche ya kikundi kizima kwenye makopo nyuma ya jiko lake la kuni, bure.

Samadi ya farasi tunaileta kwa zamu, na mara hii zamu ilikuwa yangu. Sharti letu ni moja, umuulize mwenye farasi wamekula nini. Sasa mvua ilikuwa haijakatika wiki ya pili, mtoto ana miezi mitano, usiku hapati usingizi, mimi silali, nikamwomba shemeji yangu Edgardo aniletee kwa pikapu yake, akaleta nyingi, nyeusi, imeoza vizuri, nikafurahi. Mkutanoni Mirta, mwenyekiti wetu, akaniuliza, "Umeuliza walikula nini?" Nikasema, "Nimeuliza." Neno moja tu Bi Nolfa, nilitaka kwenda kulala. Tukagawana, na kwa kuwa samadi nzuri ni adimu kila mtu akaiweka kwenye matuta ya nyanya tu, nyingine ikabaki lundo.

Desemba majani ya juu yakaanza kujikunja, ncha zikajikaza kama ngumi ya mtoto mchanga, maua yakadondoka, mabanda yote manane. Mimi nilikuwa nimepanda maharage kwenye samadi iliyomwagika langoni kwangu, nayo yakajikunja vilevile, ndipo nikamwendea shemeji.

"Ile samadi uliitoa wapi?"

"Kule shamba kubwa la juu. Ina nini?"

"Farasi wao wanakula nyasi gani?"

"Zao wenyewe, za kukausha. Walipiga dawa ya mbigili, sasa malisho safi, huoni mbigili hata mmoja." Akacheka. "Shemeji, farasi wenyewe wazima, wewe unaogopa nini?"

Nilishasikia kwenye mafunzo kwamba ipo dawa ya namna hiyo, haidhuru nyasi, inapita tumboni mwa farasi na kutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu, na nyanya na maharage haviiwezi. Jumapili hiyo tulikuwa na mkutano na niliazimia kusema, lakini Rosalba, mmoja wa wenzetu, akanitangulia.

"Mimi nasema ni mbegu. Mbegu imechoka."

"Na mwenye mbegu je?" mwingine akadakia. "Mimi kanipa kopo tupu, nimelimwagilia wiki nzima nikidhani kuna mche."

Wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka wakiwa wamepata hasara. Mirta akasema mwakani tununue miche mjini. Bi Clodomira alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, akasema, "Labda ni kweli, wanangu. Macho haya siku hizi yanachagua tunda lolote." Na mimi nimekaa ubavuni pake, nanyonyesha.

Nikamsindikiza kwake kwa sababu ya matope. Akaniambia, "Nipe huyo mtoto, wewe kaa, una sura ya mtu aliyefukuliwa kaburini." Akampakata, akafungua mlango wa jiko, akachukua bahasha zake za mbegu kutoka kwenye mkebe wa biskuti na kuzitia motoni moja moja, kila moja anaisogeza kwanza kwenye mwanga asome mwaka. Mimi nakunywa chai yake kwa kibuyu, kama desturi ya huku. Nilijiambia nitasema zikifika nusu, zikafika nusu, zikabaki mbili, zikaisha, na baada ya hapo kusema kukawa ni kumwambia kwamba amezichoma bure.

Sasa ni Februari. Amebakiwa na mche mmoja alioupanda kwenye ndoo dirishani, kwa udongo wake wa zamani, una nyanya sita zinaanza kubadilika rangi, anasema atawapa kuku. Kikundi kinataka kutandaza lundo lililobaki mwezi ujao. Nikisema watanitoa, na mboga hizo ndizo zinazotulisha. Je, siwezi kumnunulia miche mizuri mwakani na kumsaidia kazi zake, bila kusema? Jina langu usiliandike.

Mama Mchovu, Villa Ñires

*

Mama Mchovu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nimekasirika zaidi.

Nikupe haki yako kwanza. Mtoto mchanga, mume hayupo, mvua wiki mbili: ungesema "jamani sikuuliza, nimechoka," hakuna mama katika bonde hili ambaye angekushangaa. Wangenung'unika kidogo, angekwenda mwingine. Lakini jikoni kwa Bi Clodomira hukunyamaza kwa kuchoka, mwanangu. Uliogopa. Usinichanganyie.

Miche ya kununua, hapana. Utamtilia mkononi miche ile ile ya mjini waliyosema ichukue nafasi ya mbegu yake, halafu akushukuru?

Na usidhani jambo hili ni lako na lake tu. Wewe peke yako ndiye unayejua kilichomo kwenye lile lundo, na Jumamosi unasimama mezani kumwambia mtu mboga zenu hazina dawa. Wenzako wakilitandaza, miche ya mjini nayo itajikunja, na mtapoteza mwaka wa pili.

Kwa hiyo utaanza na Bi Clodomira, peke yako, kabla ya mkutano wowote. Mtoto muachie jirani, kwa sababu ukienda naye atapakatwa na utanyamaza tena. Mwambie: mbegu yako haikuwa na kosa, samadi niliileta mimi, sikuuliza, nikasema nimeuliza, na siku ile unachoma bahasha nilikuwa najua. Hilo la mwisho utatamani kuliruka. Usiliruke. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza, na usimdai msamaha siku hiyo hiyo.

Kisha mwombe zile nyanya sita zisiende kwa kuku. Ziachwe ziive mpaka zilainike, mbegu zikae na maji yake siku tatu, zioshwe, zikaushwe mbali na jiko. Hizo zinatosha kuanza. Zilizoungua zimekwenda na sina dawa ya kuzirudisha, hilo utaishi nalo.

Kesho yake nenda kwa Mirta. Lundo lisiguswe, na Edgardo alirudishe alikolitoa. Asiyeamini ajaze makopo mawili, moja udongo na ile samadi, jingine udongo mtupu, apande maharage matatu kila kopo, asubiri wiki tatu ajionee. Kwenye matuta yaliyokwisha kuipata pandeni vitunguu na vitunguu saumu, na kila mwaka mpime kwa maharage ya kopo kabla ya kurudisha nyanya. Ile miche iliyojikunja msiitie kwenye mboji. Na wateja waambieni ninyi, wasisikie kwa wengine.

Watakutoa? Inawezekana. Rosalba ndiye atakayepaza sauti kuliko wote, maana naye ana maneno yake atakayoyajutia. Ukitolewa utauza vitunguu mlangoni kwako, na ukimwambia mtu havina dawa utakuwa umepima kwanza.

Mwanangu, Februari inaisha na baridi haikusubiri. Nenda leo mchana. Atakuvutia kiti na kukupa kibuyu cha chai, na ukishakaa na kukipokea, hutasema. Sema ukiwa bado umesimama mlangoni, na viatu vyako vya matope.

Bi Nolfa