Lango la Upande wa Butiama

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Mbeya na baridi yake? Sisi hapa Kigera tupo. Mama yako mdogo wa Bunda kajifungua salama, mtoto wa kike. Miguu yangu ni ile ile.

Unasema bwenini mnabishana kama dunia ni bapa, au mtu akienda magharibi bila kugeuka atarudi kwao kwa mashariki. Baba yangu alikuwaga mbishi hivyo hivyo. Alisema amevua ziwani tangu utoto, na maji hayawezi kutulia juu ya mpira. Kaka yangu Magesa, aliyekuwa amesoma, akamjibu, "Baba, mimi navuka ziwa, naenda magharibi tu. Utaniona natokea kwa nyuma, upande wa Butiama." Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Kweli akavuka kutafuta kazi. Zikaja barua mbili, kisha kimya.

Mwaka wa tatu baba alichukua panga, akakata minyaa ya uani upande wa mashariki, akafungua lango la pili. Kila asubuhi alipeleka kiti chake pale, yeye aliyekataa kuwa dunia ni duara, mpaka tukamzika.

Ni duara, mjukuu wangu. Waambie wenzako. Lango lile bado nalifungua mimi kila asubuhi, na sijaona likipitwa na kitu ila mbuzi.

Wewe mkifunga chuo, rudi kwa njia ile ile uliyoendea. Macho yangu hayatoshi malango mawili.

Bibi yako