Nani Ameitwa Baba?

Dada yangu Kemunto,

Salamu kutoka Kisumu, ambako jua linachoma kama kikaango. Tumekuja kuona wanyama na wazazi wenzetu wa darasa la mahitaji maalum. Watoto wanapiga kelele za furaha, simba naye amelala tu kama mgeni aliyeshiba.

Sasa sikiza. Baraka wetu, ambaye hajatamka neno tangu azaliwe, tulimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kwa nyani. Akanyoosha kidole, akasema, "Baba!" Otieno karibu aruke ua. "Umesikia, Moraa? Ameniita!" Wazazi wakampigia makofi, akaanza kununulia watu soda. Mimi nikabaki hapo na wivu wangu. Miaka sita namlisha kwa kijiko, halafu neno la kwanza aitwe yeye!

Ndipo nikaangalia kile kidole. Kilikuwa kinaonyesha nyani jike aliyebeba mtoto mgongoni. Dada, huyu mume wangu wa kutoka ziwani hajui kwamba kwa Kikisii "baba" ni mama. Nikacheka peke yangu.

Halafu kicheko kikakatika. Mimi huongea na Baraka Kiswahili, tena kutwa niko dukani, nawe ndiye unayebaki naye. Anayemwongelesha Kikisii ni wewe. Anayembeba mgongoni ni wewe.

Otieno sijamwambia, acha aringe. Wewe nakupenda, Mungu akutunze huko Sironga. Lakini ile leso ya kumbebea, ifue uniwekee. Tukirudi, nambeba mimi.

Moraa