Kipa Aliyeshonwa Begani kwa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijajiharibia, mimi ni fundi nguo na ugonjwa wangu ni kadi za wachezaji wa mpira, zile za kwenye pakiti zilizofungwa, hujui umepata nani mpaka upasue, sasa ukinunua sana zinajirudia, kuna beki mmoja nimempata mpaka nimemchukia, kabatini yupo, chini ya mguu wa cherehani yupo, mchumba wangu akasema za ziada zitoke la sivyo atatoka yeye, nami kwa uchungu wa kutupa nikawa nazishona ndani ya kola na mabega ya nguo za wateja, na kusema kweli zilikaa vizuri, nikasifiwa, mpaka nikamshonea koti baba yake mchumba na kwa haraka nikachukua rundo silo, nikamshona begani kipa wangu wa dhahabu ambaye sina mwingine, sasa kila nikienda kwao naomba koti nilirekebishe, mzee ananiuliza, “Bega langu lina nini, kijana?” na binti anasema baba anaona namcheka maumbile na posa yangu huenda akaikataa, je, nikiingia chumbani kwa mzee na mkasi wakati wanakula nitakuwa nimekosea?

Fundi Roho Juu

Fundi, pole. Nimecheka, sikufichi, kisha nikaibonyeza kola yangu mwenyewe.

Ndiyo, utakuwa umekosea, tena sana. Mkwe gani anakutwa chumbani kwa mzee na mkasi? Halafu barua nzima umemlilia kipa, binti wa watu umemtaja kwa kupitia tu. Jitazame, baba.

Kadi zilizojirudia wapelekee wagonjwa wenzako mbadilishane. Zitakazobaki wape watoto wa majirani leo hii, beki wako awe wa kwanza. Wateja waite, fumua, tia kitambaa kinachostahili, na uombe radhi.

Kwa mzee nenda mchana, mikono mitupu. Mwambie, “Baba, bega lako halina kasoro, mwenye kasoro ni mimi,” kisha mweleze yote. Akifoka, kaa ufokewe. Akitaka kubaki na kipa, mwachie, wewe unamchukua binti yake.

Ila usichelewe. Karatasi ikilowa huvimba na rangi yake huchuja, na huku kwangu mawingu yameshatanda. Mwambie wewe kabla mvua haijamwambia.