Kichwa Namba Nne

Mjomba wangu Badu,

Nakusihi, isome barua hii peke yako. Hata mkazamjomba asijue neno.

Huku mjini Ho mimi ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri na homa imeniacha. Unajua niliwaeleza wapelelezi jinsi mkubwa wangu wa ofisi ya ardhi alivyouza viwanja vya watu. Kabla ya kukimbia niliing'oa picha yangu kwenye faili la ofisi, ili watu aliowatuma wanitafute bila kuijua sura yangu.

Jana muuza kenke, yale madonge ya mahindi, alinikodolea macho, akacheka.

"Kaka, wewe si namba nne? Yule wa ubao wa kinyozi, barabara ya Kaneshie! Hata kovu la nyusi wamekuwekea."

"Umenifananisha, mama."

"Nikufananishe? Pua hiyo wanayo wawili?"

Mjomba, sikulaumu. Kwenye vile vichwa sita vya mitindo ya nywele ulivyomchorea kinyozi wa huko kwenu, uliweka sura za watu wa nyumbani kwetu, nami nilijivuna. Lakini kinyozi humwambia kila mteja kwamba namba nne ni karani wa ardhi, na mmoja wa watu wale wanaonitafuta hunyolewa pale. Tafadhali nipake upya kesho. Futa kovu, nenepesha pua, niongezee ndevu. Kinyozi akilalamika, mwambie mitindo imebadilika, na umwombe anyamaze.

Ukinijibu, mpe barua Dede, muuza samaki anayekuja na lori la Jumanne, amwachie fundi viatu wa nyuma ya soko. Asitaje jina langu. Aseme ni ya yule kijana mwenye kipara. Nimenyoa leo asubuhi.

Mpwa wako