Fundo Lako Kwenye Kikapu cha Mama

Hamburg, Jumanne asubuhi

Dada Sekela,

Ugonile. Kiuno chako kinaendeleaje? Shangazi aliniambia umeanza tena kuchuma chai, na anayeirudia kazi hiyo ukubwani huumia kiuno kabla ya mikono. Jikande kwa maji ya moto jioni, kama mama alivyokuwa akifanya. Je, hapo Kyimo mvua imepungua, au nguo bado zinakaukia jikoni? Mimi mwili ni mzima. Huu ni mji wa tatu wa safari yetu ya mafunzo, na umebaki mwezi mmoja nirudi.

Barua hii anakuletea katibu wa chama chetu cha wakulima, anayetangulia kurudi. Ningekupigia, lakini kwenye simu tunaishia kwenye mvua na bei ya parachichi, na mimi nina neno ambalo halipiti huko. Ninakuonea wivu, dada.

Najua utashangaa. Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama ulinitumia ujumbe: "Mwenzetu una bahati, unaiona Ulaya, sisi tunaona matope." Hukukosea. Safari hii ilikuwa yako. Chama kilikuchagua wewe uliyesoma chuo, siyo mimi wa kidato cha nne. Mama alipoanza kuvimba miguu ukamwambia katibu, "Mpelekeni Atupele, mimi nabaki na mama." Nikadhani umenipa kitu kikubwa, ukajibakizia kidogo. Wiki ya tatu mama akaondoka, na wakubwa wakaamua nisirudi kwa sababu nisingewahi.

Wewe ulimwogesha. Wewe ulilala chini msibani na akina mama kwenye majani makavu ya migomba. Siku ile ya mazishi mimi nilikuwa Brussels kwenye jumba la makumbusho, nimevaa shingoni kitambulisho chenye jina langu lililokosewa, nikikodolea macho viti vya wafalme.

Usidhani nalalamika. Tumekaa na wapakuaji wa bandarini, wakatueleza walivyogoma wote kwa pamoja mpaka wakapewa muda wa kupumzika. Nimeyaandika, nitawasomea wenzetu wa kiwanda cha chai. Lakini ninayelala naye chumba kimoja, Ines, msichana wa Kireno, mama yake humpigia kila asubuhi. Anamjibu huku anapiga mswaki, povu mdomoni, "Ndiyo mama, nimekula mama," halafu anamkatia. Mimi hutoka nje nisisikie.

Jana walitupeleka kwa waonja chai. Vikombe vimepangwa kwenye meza ndefu. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa kelele, unatema kwenye ndoo. Kikombe kimoja wakasema chai yake imetoka kusini mwa Tanzania. Wenzangu wakatema. Mimi nikameza.

Mwonjaji mzee akacheka. "Binti, ukimeza vyote hivi utatetemeka mpaka kesho."

"Nameza hiki kimoja tu," nikamwambia.

Ines, anayejua kwetu tunachuma chai, akauliza, "Kwani mama yako anaipenda kazi ya kuchuma?" Sijamwambia kuhusu msiba, hivyo aliuliza habari za mtu aliye hai, nami nikajibu hivyo hivyo: "Anaipenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mchana ananung'unika." Wakacheka wote. Mama akawa hai pale mezani, dada, kwa muda wa kikombe kimoja. Kisha tukaambiwa tuvae makoti.

Nisalimie shangazi, umwambie nimeisikia sauti yake ikikwaruza kwenye simu, apunguze kuimba. Baba mdogo umshukuru kwa kusimamia kaburi. Bibi wa Isongole msomee barua hii kwa Kinyakyusa, ila habari za wivu uziruke.

Sasa vitu vya mama. Mnagawa Jumamosi baada ya ibada, na umeniuliza nachagua nini. Nilitaka kikapu chake cha kuchumia chai. Niliposikia umekibeba nilikasirika, maana mimi ndiye niliyechuma na mama tangu darasa la tatu, wewe ukiwa bwenini. Nilikuandikia ujumbe mbaya, nikaufuta.

Tazama kamba ya bega la kushoto. Lipo fundo moja. Zamani yalikuwa mawili: lako, alilolifunga ulipokuwa mdogo ili kikapu kisikupige magotini, na langu, alilolifunga baada ya wewe kwenda shule. Nilipokua, langu alilifungua. Lako aliliacha. Lilikuwa likinikwaruza bega kila siku nilipokibeba, nikamwomba alifungue nalo. Akasema, "Liache, mwenyewe atarudi." Miaka yote mimi niko pembeni yake kwenye mstari, naye anakungoja wewe. Huo ndio wivu wangu wa kwanza, huu wa sasa ni mdogo wake.

Umerudi, kama alivyosema. Kikapu ni chako. Fundo likikukwaruza, usilifungue mpaka nije nilione begani kwako.

Mimi niwekee kitambaa chake cha kichwani, kile cha kijani. Waambie kisifuliwe.

Mdogo wako niliyekuja kwenye nafasi yako,
Atupele