Duka Langu Kwenye Skrini ya Chuo Kikuu

Yohanes, umekaa? Nimetoka sasa hivi kwenye semina ya ile shule ya biashara ya chuo kikuu, hapa Lusahunga. Nilivaa suti, maana barua yao iliniita "mfano wa kujifunzia".

Mfano, Yohanes. Mimi niliyesoma masomo ya jioni miaka minne.

Mhadhiri akawasha skrini, likatokea duka langu lina kufuli. Chini wameandika: "Biashara iliyokufa."

Iliyokufa. Na mke wangu Scolastica amekaa safu ya mbele, majirani wote wanamtazama yeye.

Nikaangalia tarehe ya picha. Ni siku tuliyomzika mzee wetu Leonidasi, siku ambayo Lusahunga nzima ilifunga maduka.

Nikasimama. "Mwalimu, siku hiyo tulikuwa msibani."

"Shikamoo mzee. Lakini mteja hasubiri mazishi."

"Marahaba. Huyo tuliyemzika ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa."

Ukumbi ukacheka. Yeye akasema jambo hilo linahitaji utafiti zaidi, akaendelea na picha nyingine.

Mwishoni wamenipa cheti cha ushiriki. Nitakitundika nje ya mlango, juu ya kufuli, ili wakija tena kupiga picha siku za misiba wakisome.