Jina la Etagegn kwenye Fomu

S.L.P. 418,
Adama, Ethiopia.
Miyazia 20, 2017, kwa kalenda ya kwetu.

Mpendwa Shangazi Mulunesh,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya Washington imekwisha? Sisi wazima, ingawa joto la mwaka huu halina adabu. Pasaka yetu ya Fasika tulikula vizuri. Mchuzi wa kuku wa Mama ulikuwa mkali hadi Baba akatokwa machozi, akasingizia vitunguu.

Uliniuliza kwa nini mikate ya injera ya kiwanda chetu mliyonunua huko kabla ya Fasika ilikuwa michachu kama siki. Nilikujibu kwamba mpishi alizembea. Shangazi, nilikwambia uongo bila kujua, na jambo hilo limeninyima raha.

Mwongozo wetu wa ubora unasema uji wa tefu, nafaka ya injera, ukae kwenye mapipa siku tatu. Uliandikwa zamani, usiku wa Adama ulipokuwa bado unapoa. Etagegn, mpishi wetu mkongwe, alinusa pipa siku ya pili akaniambia, "Hirut mwanangu, huu umeshaiva. Tuuoke leo." Nikamjibu, mimi msimamizi wa ubora, kwamba kitabu kinasema siku tatu. Akatii. Mzigo uliporudishwa, nilijaza fomu ya kasoro, na penye chanzo nikaandika jina lake kwa mkono wangu. Akasimamishwa kazi, naye ana wajukuu wanne wanaomtegemea.

Baadaye niliona mapipa mengine yamechacha vilevile, na Etagegn hayupo. Nikaanza kupima. Kumbukumbu za mwaka ule mwongozo ulipoandikwa zinasema chumba kile alfajiri kilikuwa nyuzi kumi na tisa. Sasa ni ishirini na tatu.

Kiwango cha ubora tunachofuata sasa kinaitaka kila kampuni ijiulize kama mabadiliko ya tabianchi yanaigusa. Ato Getahun, mwenye kiwanda, alikwishajaza "hayatuhusu," akaniletea nitie sahihi.

"Sisi tunaoka injera, Hirut, hatuchimbi mafuta! Tia sahihi twende."

Nilikataa. Akaniambia mkaguzi akija nitajieleza mwenyewe, na kazi nitajitafutia pengine. Niliogopa, sikufichi, lakini sikurudi nyuma. Juzi nilimwekea mkaguzi vipimo vyangu mezani pamoja na ile fomu ya kasoro, nikasema mbele ya Ato Getahun kwamba chanzo nilichoandika si kweli. Bosi alinuna mpaka jioni, kisha akasaini mwongozo mpya. Sasa mwongozo unasema muda wa mapipa utafuata joto la chumba na pua ya mpishi, na Etagegn ameruhusiwa kurudi kazini.

Jana nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alikuwa anakaanga kahawa, wala hakunikaribisha kiti.

"Mahali pa jina langu umeandika nini?"

"Joto, mama."

Aliendelea kukoroga zile buni.

"Haya. Na hilo joto, mtalisimamisha kazi lini?"

Msalimie sana Mjomba Worku na mwanao Selamawit. Mungu akulinde, akupe na goti jipya.

Binti wa kaka yako, akupendaye daima,
Hirut